Taa Zilizozimika kwenye Mlima wa Newala

Karakana niliyofanyia kazi Masasi ilifungwa asubuhi moja ya kiangazi, bila kelele. Tuliitwa wote uani, tukasomewa barua, tukaambiwa serikali inapunguza mzigo wake na kwamba magari sasa yatatengenezwa na watu binafsi. Jioni ile kila fundi aliondoka na boksi lake la vyombo. Haukupita mwezi nikawa sijui nani yuko wapi. Mmoja nilisikia amerudi Lukuledi kulima mihogo. Wengine walishuka pwani. Mimi nilibaki, si kwa kupenda, ila sikuwa na pa kwenda.

Kwetu ni Korogwe. Nililetwa kusini nikiwa kijana, fundi umeme wa magari mwenye cheti kipya, nikaambiwa nitakaa miaka miwili. Ikawa kumi na minne. Mama yangu alifariki nikiwa huku, na telegramu ilinifikia wakati matanga yamekwisha anuliwa. Baada ya hapo safari ya kwetu ikawa ni ya kwenda kutazama kaburi, nami nikawa naiahirisha mwaka hadi mwaka. Niliwahi kuoa. Mke wangu alikuwa mwenyeji wa huku, tukikaa kwao, na tulipoachana yeye alibaki kwa ndugu zake kama ilivyo desturi, mimi nikachukua begi langu nikapanga chumba Mkomaindo, karibu na hospitali.

Watu waliniita Fundi. Ni jina zuri, lina heshima, lakini jina langu mwenyewe lilikuwa halitumiki na mtu yeyote. Ziliweza kupita wiki tatu sijalisikia. Siku moja posta karani alilisoma kwa sauti kutoka kwenye bahasha, nami nikachelewa kuitika, nikidhani anamwita mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu.

Nilijenga kibanda cha mabati karibu na barabara, nikaning'iniza balbu mbovu mlangoni ili watu wajue ninachofanya. Ilikuwa wakati wa ruksa, biashara imeachiwa watu. Zamani, karakanani, nikitaka fyuzi moja ilibidi nijaze fomu na ipigwe mihuri, halafu nisubiri. Sasa fyuzi ziliuzwa mezani stendi, kando ya vitana na betri za redio. Na magari yalianza kuingia, ya mtumba, kutoka Japani, yakipanda kufuata korosho. Yalikuwa magari mazuri, ila nyaya zake zilikuwa zimepitia mikono mingi. Ukifunua kifuniko cha fyuzi unakuta maandishi ya Kijapani, vijumba vidogo vidogo, usijue ipi ni ya honi na ipi ni ya taa. Nilikuwa nachomoa moja moja, natazama kimezimika nini, kisha nachora ramani yangu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Ramani zile nilizibandika ukutani. Jioni nilipokuwa sina kazi nilizitazama, kama wengine wanavyotazama picha za watoto wao.

Ndipo akaja yule mama na pikapu yake nyeupe.

Alishuka upande wa dereva, jambo lililowafanya wauza karanga wa ng'ambo ya barabara wageuke. Alikuwa mtu mzima, kama miaka sitini, amejifunga kanga juu ya gauni na kuvaa raba za kiume.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba baba. Wewe ndiye fundi wa taa?"

"Ndiye mimi."

"Taa zangu zinazima mlimani. Zinazima zote mbili za mbele, halafu mbele kidogo zinawaka zenyewe, kama hazijafanya kitu."

Alikuwa mkunga mstaafu, anaishi Mkunya, kule juu Newala, na wote walimwita Nesi. Udereva alijifunza akiwa msichana, misheni, kwenye gari la zahanati. Alipostaafu alinunua pikapu kwa kiinua mgongo chake. Mume alikuwa amekwisha kufa, binti yake wa pekee yuko Dar es Salaam. Asubuhi alipandisha mapipa ya maji kutoka bondeni, maana juu kule maji ni shida, msimu wa korosho alibeba magunia, na kukipatikana mama mwenye uchungu wakati wowote, alimbeba.

Nilifungua taa za mbele. Ya kushoto ilikuwa inawaka kwa unyonge. Nikafuata waya wake wa ethi, ule mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari, nikakuta bolti imekula kutu. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga upya, nikawasha. Taa zote mbili zikatoka kali, sawasawa. Nilijisikia vizuri. Nikafuata nyaya kwa macho kuelekea nyuma, mpaka pale zinapotoboa ukuta kati ya injini na chumba cha dereva. Pale palikuwa na tepu nyeusi, imezungushwa vizuri sana, safi, kazi ya mtu mwenye mkono mzuri. Niliigusa kwa kidole. Nikaiacha.

"Tayari, mama," nikasema. "Ilikuwa ethi."

Akanishukuru, akaondoka. Nilisimama barabarani nikiitazama pikapu mpaka ikapotea nyuma ya miamba. Nilikuwa nimezungumza naye karibu saa nzima, mambo ya mvua, ya bei ya dizeli, ya kwetu Korogwe. Usiku ule chumbani kwangu nilijikuta nayarudia maneno yake.

Alirudi siku ya kumi na mbili, saa tatu asubuhi. Alizima injini akabaki ameketi, mikono juu ya usukani.

"Fundi," akasema, "taa zilizima tena."

Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayesoma cheti cha mgonjwa. Siku mbili nyuma walimletea mama mwenye mimba ya kwanza, uchungu umekaa vibaya. Hospitali ya Newala ikamwandikia aende Masasi, na gari la wagonjwa lilikuwa bovu. Akamlaza nyuma kwenye godoro, na mama mkwe wa binti huyo kando, wakaanza kushuka mlima giza linaingia. Kwenye kona ya tatu taa zikazimika. Mbele hakukuonekana kitu. Upande wa kulia lilikuwa bonde. Alikanyaga breki, gari likasota juu ya kokoto, likasimama.

"Nikasema nisubiri ziwake zenyewe. Hazikuwaka. Na yule binti hakuweza kusubiri."

Mtoto alizaliwa pale pale, nyuma ya pikapu, kwa mwanga wa tochi ambayo mama mkwe aliishika kwa meno kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Mtoto wa kike. Alichelewa kulia. Nesi alinionyesha kwa kidole chake jinsi alivyomsafisha mdomo, jinsi alivyompiga nyayo. Kisha akalia. Walikaa kule mpaka lori la mahindi lilipopita, wakashuka nyuma yake wakifuata taa zake nyekundu.

"Wazima?" nikauliza.

"Wazima wote. Wako wodini hapo Mkomaindo, nimetoka kuwaona sasa hivi."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea. Nilisema sijui nini, nikafungua boneti ili nisitazamane naye. Nikawasha taa: kali, zote mbili. Nikatikisa nyaya, nikapiga ngumi bampa, nikapanda juu nikarukaruka kama kichaa, huku wauza karanga wakicheka. Taa hazikupepesa hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile ya kwanza sikutengeneza ugonjwa wenyewe. Nilitengeneza kitu kingine kilichokuwa kibovu, nikajiridhisha.

"Nesi," nikamwambia, "hapa uwanjani ugonjwa wake siwezi kuupata. Inabidi nikauone kule unakotokea."

"Basi panda."

Nilifunga kibanda. Sikuwa na mtu wa kumwambia naondoka, kwa hiyo nilimwambia muuza karanga, naye akaitikia bila kuinua kichwa.

Kabla hatujatoka nilichukua balbu ndogo, nikaiunganisha na waya unaoleta umeme kwenye taa za mbele, na ethi yake nikaivuta mpaka kwenye betri, nikaipitisha dirishani. Niliishika magotini. Taa za mbele zikikosa umeme, balbu ile nayo ingezimika, hata kama ni mchana na dereva hawezi kuona. Tukaondoka taa zimewashwa kwenye jua kali. Kila gari lililopishana nasi lilitupigia honi kutukumbusha tuzime.

Njiani hatukuzungumza sana. Tambarare ya Masasi ikaisha, tukaanza kupanda. Kona ya kwanza balbu iliwaka. Ya pili ikawaka. Tulipofika kwenye ile ya tatu kutoka juu, maji ya mvua yalikuwa yamekata barabara, na ili kukwepa ufa ilibidi gurudumu la mbele kushoto lipande juu ya ukingo wa mawe. Gari likajipinda. Balbu ikafa mkononi mwangu.

"Simama!" nikapiga kelele. "Hapo hapo, mama, usisogee hata inchi moja."

Alivuta breki ya mkono, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya kila gurudumu. Mimi nilikuwa tayari nimeinama chini ya dashibodi. Ugonjwa wa kuja na kuondoka ukiupata wakati umekuja, unaogopa hata kupumua.

Nilianza kwenye fyuzi. Umeme ukiingia upo, ukitoka upo. Nikaenda mbele kwenye taa: haupo. Basi umepotea katikati. Nilikuwa na sindano ya kushonea magunia niliyoiunganisha na testa, kijitaa cha kupimia umeme, nikawa nautoboa waya kidogo kidogo, kutoka kwenye taa nikirudi nyuma. Kando ya redieta, haupo. Juu ya tairi, haupo. Chini ya betri, haupo. Nesi alikuwa amesimama nyuma yangu, kivuli chake kimeniangukia shingoni. Nikafika kwenye ukuta wa injini, pale kwenye tepu. Upande wa injini, haupo. Nikaingia tena ndani, nikalala chali chini ya usukani, nikatoboa waya ule ule upande wa pili wa ukuta. Testa ikawaka.

Nilikaa pale chini muda kidogo, miguu yangu ikiwa nje ya mlango.

Kisha nikatoka, nikachukua wembe, nikaikata ile tepu. Ndani yake raba inayozuia nyaya zisisuguane na bati haikuwapo. Bati lilikuwa limeula waya polepole, na mtu aliyekuwa na gari kabla ya Nesi aliona, akauzungushia tepu akauficha. Shaba ilikuwa imegeuka kijani. Nyuzi mbili tu ndizo zilizokuwa bado zimeshikana, na gari likijipinda zilikuwa zinaachana, likikaa sawa zinagusana tena.

Ningeweza kumwonyesha waya na kunyamaza. Asingejua kamwe.

"Nesi," nikasema, "tepu hii niliiona siku ile ya kwanza. Niliigusa. Sikuifungua kwa sababu ilikuwa imefungwa vizuri, na kwa sababu nilishapata kitu cha kukuambia."

Alikaa juu ya jiwe la ukingoni, akaangalia bondeni, mikorosho na mashamba ya mihogo mpaka kule mbali ambako kila kitu kinakuwa rangi moja. Nilisubiri aniambie nishuke kwa miguu nirudi Masasi. Nilikuwa tayari.

"Miaka mingi," akasema mwishowe, "kabla hujaja huku, alinijia binti mmoja zahanati. Ametembea tangu alfajiri. Nikampima, nikamwambia bado, rudi nyumbani, njoo keshokutwa. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na wengine wanne. Saa yake ilikuwa imefika. Nilijua kidogo kwamba imefika."

Akaokota jiwe dogo, akalitupa bondeni.

"Walimkuta njiani. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Na yule binti alikuwa akinisalimia shikamoo mpaka nimestaafu, kila nikipita, kwa heshima zote. Hajui. Mume wangu sikumwambia. Padri sikumwambia."

Nilitaka kusema pole, nikaona pole ni ndogo. Nikaketi jiwe la pili. Tulikaa hivyo, watu wawili kando ya gari lililojipinda, na upepo wa mlimani ukipuliza kanga yake. Sijui ni kwa nini, lakini kwa miaka yote niliyokaa kusini, sikuwahi kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa pale.

"Tengeneza basi," akasema. "Giza litatukuta."

Nilikata sehemu iliyooza, nikaunganisha waya mpya mnene, nikakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli nikakivika kwenye tundu la bati ili nyaya zisiguse chuma. Nilifungua na tepu nyingine zote mbili zilizokuwamo mle ndani. Mojawapo haikuwa na kitu. Nyingine ilikuwa na waya wa honi uliobaki kidogo kukatika. Nikabadili na huo. Balbu ikawaka gari likiwa bado limejipinda. Nesi alirudisha gari nyuma, akapanda ukingo tena, akashuka, akapanda mara ya tatu. Haikuzimika. Hapo nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza, meno ya mbele yana mwanya.

Tulifika Mkunya alasiri. Hakukuwa na gari la kunirudisha Masasi siku ile, akanipa chumba cha uani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, kiti, na kalenda ya zamani ukutani. Alichemsha ming'oko, vile viazi vyembamba, tukala tumeketi barazani. Mimi mtu wa Korogwe nilikuwa nayajua mazao yale ya porini kwa kuyaona yakiuzwa kwenye mabakuli tu. Akanifundisha kumenya ganda lake jembamba kwa kucha. Akaniuliza jina langu. Nikamtajia.

"Hilo alikupa nani?"

"Bibi yangu mzaa mama."

Akalirudia polepole, kwa lafudhi ya Kimakonde, akiibadilisha kidogo herufi moja. Tangu hapo hakuniita Fundi tena.

Asubuhi, wakati lori la kushuka linapiga honi barabarani, aliniambia: "Newala yote hakuna fundi umeme wa magari. Wanashuka Masasi kama nilivyoshuka mimi. Chumba hiki kipo. Mimi mwenyewe usiku nazungumza na redio."

"Nitafikiria, mama."

"Fikiria."

Nilifikiria kupita kiasi. Nilirudi kwenye kibanda changu, nikajiambia nimalize kazi za wiki ile, halafu za mwezi ule. Nilijiambia watu watasemaje, mwanamume mzima kuhamia uani kwa mama mjane. Nilijiambia nimezoea. Ukweli ni kwamba niliogopa. Upweke nilikuwa naujua kila pembe, ningeweza kuutembea gizani bila kujikwaa, na yale mengine sikuyajua. Msimu wa korosho ukaja ukapita. Mvua zikaanza. Mara mbili nilimwona dereva wa Newala nikataka kumpa salamu ampelekee, nikaacha.

Nilipanda mwezi wa pili, na boksi langu la vyombo na begi. Nyumba nikaikuta imefungwa.

Jirani, mama mmoja aliyekuwa anapura kunde uani kwake, alinyanyuka aliponiona. Akaniambia Nesi alikuwa haoni tena kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, gari akaliuza kwa mfanyabiashara wa korosho, binti akaja akamchukua Dar es Salaam. Wiki tatu zilizopita.

"Wewe ndiye fundi wa Korogwe?" akauliza.

"Ndiye."

Akaingia ndani, akatoka na ufunguo umefungwa kwenye kipande cha kanga. "Aliacha huu. Alisema ukija, ufungue kile cha uani."

Nikafungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Niliweka boksi langu chini, nikakaa kwenye kiti, na mvua ikaanza kupiga bati kwa nguvu hata nisingeweza kusikia kama mtu angeniita.

Niliishi kwenye chumba kile miaka sita. Mjini Newala nilipata sehemu karibu na stendi, na kazi haikunipungukia. Nilifagia uani, nikapalilia kaburi la mume wake, nikawaita watu waokote korosho za shamba lake msimu ulipofika na kumpelekea kilicho chake kwa dereva wa basi. Barua zake ziliandikwa na binti, kwa mwandiko wa haraka, lakini maneno yalikuwa yake. Aliuliza kama pipa la kona ya nyumba bado linavuja. Aliuliza kama nimeoa. Hospitali walimfanyia upasuaji wa jicho moja, likafunguka kidogo, akasema anaweza kuona taa za mjini usiku ila hawezi kuona uso wa mtu. Kila mara alisema atakuja mvua zikitulia.

Hakuja. Barua ya mwisho haikuwa na maneno yake hata moja, ilikuwa ya binti peke yake, yenye tarehe ya mazishi ambayo ilikwisha pita. Niliisoma nimesimama kaunta ya posta. Nikarudi kazini, kwa sababu kulikuwa na lori linaningoja, taa zake za nyuma haziwaki, na mwenyewe ana safari. Nikafungua kila tepu niliyoikuta. Dereva alikasirika, akasema namchelewesha.

"Subiri kidogo," nikamwambia, "nakaribia kuona."